Hukumu ya Kutibu Mguu Uliokosa Damu kwa Seli Shina

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Maradhi ya kuziba mishipa ya damu ya miguu huwapata zaidi wenye kisukari na wavutaji tumbaku. Yakizidi, mguu huuma hata mgonjwa akiwa amelala, kidonda hakifungi na nyama huoza. Madaktari huuzibua mshipa au huupitishia damu pembeni. Ikishindikana, hukata mguu.

Mwaka 2002 madaktari wa Japani walitangaza njia nyingine: kuchota uboho wa mgonjwa mwenyewe, kutenga seli zake na kuzidunga katika shavu la mguu ili ziotesha mishipa midogo mipya. Jee, sheria inasemaje?

Kwanza tutazame seli zimetoka wapi. Baraza la Fiqhi la Rabita, lililokutana Makka Desemba 2003 (Shawwal 1424), liliruhusu seli shina za mtu mzima kwa ridhaa yake bila ya kumdhuru, na za kondo la nyuma. Likaharamisha za mimba iliyotolewa kwa makusudi bila ya sababu ya kisheria. Kabla yake, mwaka 1988, Majmaa ya Fiqhi ya Jeddah ilijuzisha kuhamisha kiungo ndani ya mwili wa mtu huyohuyo, kwa sharti manufaa yayashinde madhara. Basi uboho wa mgonjwa mwenyewe asili yake ni halali.

Pili tutazame hayo manufaa, na hapa wengi hughafilika. Utafiti wa Uholanzi uliotolewa mwaka 2015, kwa wagonjwa 160 waliotiwa seli za uboho au tiba ya bandia kupitia mshipa wa mguu, haukuona kwamba seli hizo zilipunguza kukatwa miguu. Halali, basi, si lazima iwe yenye kuponya. Anayeiuza tiba hii kwa ahadi ya uhakika anafanya ghushi, na mgonjwa hapaswi kuuza nyumba kwa ajili yake.

Tatu, kukata kiungo kinachooza ili kuokoa roho si kukata tamaa na rehema ya Allah. Vitabu vya historia vinamtaja Urwa bin Zubayr, mwanachuoni wa Madina katika Tabiina, aliyekatwa mguu akasubiri.

Kwa hiyo imamu akiulizwa, naye aulize: seli ni za nani? Je, ni majaribio yanayosimamiwa, na mgonjwa ameelezwa ukweli? Je, kuisubiri hakucheleweshi upasuaji wa lazima? Majibu yakiwa mema, tunaona hapana ubaya.

Wallahu a'lam.