Mizani ya Mtoto Mwenye Usonji

Katika komini tatu za mji wa Kindu, nchini Kongo, Alunguli peke yake ndiyo iliyokaa ukingo wa kuume wa mto Lualaba. Kasuku na Mikelenge ziko ng'ambo ya pili, na mwenye haja huko hana budi kuteremka majini avuke kwa mtumbwi au kwa chombo cha mota. Tumchukulie, kwa ajili ya mfano tu, mtoto wa miaka 7 aketiye kila asubuhi penye kivuko hicho: haitiki aitwapo jina lake, hamtazami mtu machoni, hupunga vidole mbele ya uso wake saa nzima, hula wali mtupu na kukataa sombe, yale majani ya muhogo yaliyopondwa, hata akikemewa, lakini chombo kingali mbali, hakijachomoza katika ukungu, yeye hukitambua kwa mlio wa mota na kutaja jina la mwenye chombo, wala hakosei. Jirani mmoja atasema mtoto huyu hana akili. Wa pili, Mola atuepushie, atasema ni mchawi. Mtaalamu aliyefunzwa kwa mtindo wa zamani atafungua daftari aandike kwamba hasemezani na watu, hachezi na wenzake, hatazami. Yote hayo ni sahihi, ila habari ya mota haimo.

Usonji ni tofauti ya maumbile ya ubongo inayoanza utotoni na kudumu na mtu maisha yake yote; haiambukizi, wala haikuletwa na taksiri ya mama. Dalili zake hukusanyika katika mambo mawili: taabu katika mawasiliano na maingiliano na watu, na mapenzi makubwa ya mambo machache yanayorudiwarudiwa, pamoja na hisia zilizo kali mno, au hafifu mno, za sauti, mwanga na ladha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 alikuwako mwenye usonji mmoja katika kila watu 127. Daktari Leo Kanner, aliyeeleza habari za watoto 11 huko Marekani mwaka 1943, alianza na mtoto Donald Triplett wa Mississippi, ambaye wazazi wake walikuwa wameshauriwa kumweka katika nyumba ya kutunzia watoto, wakamweka, kisha wakaghairi wakamrudisha nyumbani. Mtoto yule alikua akasoma, akaajiriwa katika benki ya mji wake, akaendesha gari, akasafiri nchi nyingi peke yake, akafariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Mimi hudhani dawa kubwa aliyoipata ilikuwa majirani waliomzoea.

Lakini sitaki msomaji aniamini kwa kisa cha mtu mmoja. Mwaka 2007, Michelle Dawson, mtafiti wa Montreal ambaye mwenyewe ana usonji, alitangaza pamoja na wenzake matokeo ya kuwapima watoto wenye usonji kwa vipimo viwili vya akili: kile cha Wechsler, ambacho sehemu yake kubwa hutaka maelezo ya maneno, na kile cha Raven, ambacho humwonyesha mtoto mchoro wenye pengo ili achague kipande kinacholiziba. Lau watoto 100 wangalipangwa safu moja kutoka wa chini hadi wa juu, wale wenye usonji wangalisogea mbele, kwa wastani, nafasi 30 kwa kubadilishiwa kipimo tu. Akili zao zilikuwa zile zile; mizani ndiyo iliyobadilika.

Basi apimwe vipi mtoto wetu wa kivukoni? Kwanza masikio, maana kiziwi naye haitiki aitwapo, ingawa huyu anayejua mota kwa mlio amekwisha kutujibu nusu ya swali hilo. Iulizwe pia habari ya uzazi wake, ya degedege, na ya malaria iliyopanda kichwani. Kisha asemezwe kwa Kiswahili cha Kindu anachokisikia nyumbani, kwa kuwa kumpima kwa Kifaransa ni kupima shule ambayo pengine hajaiingia. Na kabla ya mama kuulizwa lipi linalomshinda mwanawe, aulizwe, "Mama, mtoto hufurahia nini, na hutulia akiwa wapi?" Atazamwe pale anapotulia, si katika chumba kigeni mbele ya mtu mgeni. Huenda ikadhihirika kwamba sombe ameikataa si kwa ukaidi, bali majani yale yaliyopondwa humuudhi mdomoni kama mchanga. Na kwamba kupunga vidole ndiko kunakomliwaza palipo na kelele.

Nachukia, hata hivyo, sifa za uwongo. Si kila mwenye usonji ana kipaji cha ajabu; wako wasiosema kabisa, na wako watakaohitaji msaada hadi uzee, nao hawapungukiwi heshima kwa hilo. Uwezo hutafutwa kwa sababu ndio mlango wa mafunzo: kwa njia ya mota, mtoto wetu atajifunza kuhesabu vyombo, kusoma herufi zilizoandikwa ubavuni mwavyo, na kumwambia mpiga kasia nani anakuja, jambo ambalo ni mazungumzo kamili.

Nayo sheria ya Kongo haikumnyamazia yule jirani anayetaja uchawi: ile ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto, katika ibara ya 160, humwadhibu amsingiziaye mtoto uchawi kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 3, na ile ya tarehe 3 Mei 2022 imethibitisha haki za watu wenye ulemavu. Nawe mzazi wa Alunguli, siku utakapomvusha mwanao kwenda kwa mtaalamu wa ng'ambo, usingoje kuulizwa. Habari ya mota itangulie.