Kuuzoeza Mkono Kuchora

Mtu akimaliza shule, mkono wake hushika jembe au kalamu ya hesabu, na kuchora husahauliwa. Siku atakapo kumwonyesha seremala kabati analolihitaji, hubaki kupunga mikono hewani; seremala naye hutengeneza alichoelewa, na fedha zimekwisha kulipwa.

Wengi wa huku Kalimoni watakao kujifunza upya huanza na Kilimambogo, kwa kuwa ndicho kionekanacho. Huchora Jumapili moja kutwa nzima, wakaona kilima kimefanana na kichuguu, na penseli wakawapa watoto. Afadhali robo saa kila siku. Tena ifuatane na kazi isiyokosa kufanywa: mkulima akiisha kukamua ng'ombe, karani arudipo nyumbani, kabla hajavua viatu. Daftari likae mezani, wala si sandukuni, maana kitu cha kutafutwa hutafutiwa na udhuru. (Nyuma ya karatasi kuukuu patafaa, ila makarani waziache karatasi za Serikali!)

Kwanza piga mistari. Tia nukta mbili, pitisha mkono hewani mara mbili tatu, kisha ziunganishe kwa mara moja. Mkono utembee toka begani. Kiwiko na kifundo vikiachwa peke yao, mstari mrefu hupinda. Ukipinda uache, upige mwingine chini yake. Raba isiwepo kabisa. Halafu chora mdomo wa sufuria: ukiutazama toka juu ni duara, ukirudi nyuma hujibana kama yai, na ukiwa sawasawa na jicho huwa mstari tu. Dakika zilizobaki chora debe, lile lile juma zima, ukiligeuza kidogo kila siku.

Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alisomea sanaa Makerere, katika shule iliyoanzishwa na Bibi Margaret Trowell. Katika miaka ya 1950 alichora picha tano kubwa ukutani mwa kanisa la Murang'a, zikimwonyesha Kristo katika nchi ya Kiafrika. Toka Thika si mbali. Nenda ukazitazame, ukakisie mkono ule ulikuwa umepiga mistari mingapi kabla ya kuukabili ukuta.

Ukikosa siku moja, usiilipe kwa kuchora mara mbili kesho yake, endelea tu. Kila karatasi itie tarehe, na debe la kwanza usilichome, hata likiwa limelala upande. Litoe baada ya mwezi, uliweke kando ya lile la jana.