Ploti Nyembamba, Nyumba ya Familia: Panga Kabla ya Kuchimba Msingi

Wengi wetu hapa Kosele tulilelewa katika boma ambalo kila nyumba ilikuwa na mahali pake. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, ilitazama lango, na simba za wavulana zilikaa karibu na lango hilo. Boma la namna hiyo lilihitaji ardhi pana. Leo shamba la babu likigawanywa kwa wana na wajukuu, kila mmoja hubaki na ukanda mrefu mwembamba. Karibu na soko mambo ni yale yale: ploti ya futi 50 kwa 100 hukatwa katikati, na mnunuzi anapata futi 25 kwa 100.

Je, familia ya watu sita inaweza kujenga nyumba ya kudumu hapo na bado ifuate sheria? Inaweza. Lakini mpango uanze na nafasi ambayo haitajengwa.

Hakikisha mipaka yako

Kabla ya kuchora chochote, fanya utafutaji wa hati katika afisi ya ardhi ujue ploti imesajiliwa kwa jina la nani. Ikiwa ilikatwa kutoka shamba la kilimo, mgawanyo huo ulihitaji idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Kisha mwite mpimaji ardhi aliyesajiliwa akuonyeshe mawe ya mipaka. Usitegemee ua wa miti au maneno ya jirani. Katika ploti ya futi 25, kosa la futi mbili kila upande ni karibu sehemu ya sita ya upana wote.

Muulize pia hifadhi ya barabara inaishia wapi. Ukuta uliojengwa ndani ya hifadhi hauna utetezi siku barabara itakapopanuliwa.

Anza na choo, si sebule

Futi 100 ni takriban mita 30. Kanuni inayotumiwa sana katika kazi za maji ni kwamba shimo la choo liwe angalau mita 30 kutoka kwa kisima. Maana yake ni kwamba ploti kama hii haiwezi kubeba kisima na choo cha shimo kwa usalama, na kisima cha jirani nacho lazima kihesabiwe. Pale pasipo na bomba la maji taka, amua mapema tangi la maji taka au shimo litakaa wapi, na gari la kunyonya taka litafikaje. Likizibwa na nyumba, hakuna njia ya kulihudumia. Kwa maji ya matumizi, tangi la kuvuna maji ya mvua huenda likawa jibu bora kuliko kisima.

Hesabu ya upana

Futi 25 ni mita 7.6. Tuseme umeelekezwa kuacha mita 1.5 kila upande. Unabaki na mita 4.6 za kujenga. Toa kuta mbili za nje za sentimita 20 kila moja, na ndani unapata mita 4.2. Huwezi kuweka vyumba viwili vya maana ubavu kwa ubavu pamoja na ujia. Unaweza kuweka chumba cha mita 3, ukuta wa ndani, na ujia wa mita 1. Kwa hiyo vyumba hufuatana kwa mstari kuelekea nyuma, na sebule peke yake ndiyo inayochukua upana wote. Vipimo halisi vya kuacha hutegemea eneo na aina ya jengo, kwa hiyo uliza kabla ya kuchora.

Nafasi hizo za pembeni si hasara. Ndizo zinazoleta mwanga na hewa katika vyumba vya kulala, na ndizo njia ya kupita moto ukitokea. Wenzetu wa mji wa kale wa Lamu, ambako nyumba zimebanana, wamejua hilo kwa karne nyingi: huacha ua ulio wazi katikati ya nyumba ili mwanga na hewa viingie kutoka juu.

Angalia paa pia. Likielekezwa kando bila mifereji, maji ya mvua yatamwagika kwa jirani, na ugomvi utaanza. Elekeza maji mbele au nyuma, kwenye tangi lako.

Ikiwa unatarajia kuongeza ghorofa baadaye, mwambie mhandisi sasa. Msingi wa nyumba ya chini haubebi ghorofa kwa sababu tu pesa zimepatikana.

Ruhusa ya kujenga

Sheria ya Mipango ya Ardhi na Matumizi yake ya mwaka 2019 inakataza kuanza ujenzi bila ruhusa ya kaunti. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kaunti pia inaweza kutoa notisi ya kusimamisha kazi au kuondoa kilichojengwa. Kwa familia iliyochukua mkopo wa chama au kuuza ng'ombe, hasara hiyo ni kubwa kuliko ada yoyote ya ramani.

Ramani ichorwe na msanifu aliyesajiliwa, na sehemu za kubeba uzito zihakikiwe na mhandisi aliyesajiliwa. Ukiwasilisha ombi, hifadhi risiti na nakala yenye muhuri na tarehe. Kuna sababu: sheria inasema kwamba usipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa huhesabiwa kuwa imetolewa. Ombi likikataliwa na hukuridhika, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo ya mipango.

Kabla ya kumwita fundi

Nenda kwa mpangaji wa kaunti aliye karibu nawe ukiwa na nakala ya hati miliki, matokeo ya utafutaji, ramani ya mpimaji na mchoro wa mkono wa nyumba unayotaka. Onyesha choo, tangi, njia ya maji na nafasi za pembeni. Muulize mambo matatu: niache nafasi kiasi gani mbele, nyuma na kando, eneo hili limetengewa matumizi gani, na ada ni ngapi mwaka huu. Ukishapata majibu hayo, ndipo umpe msanifu kazi ya kuchora.