Kumi na Nane kwa Kumi na Nane: Rovanperä na Aliyemwachia Kiti

Wafini wawili wameshinda duru za mashindano ya dunia ya mbio za magari mara 18 kila mmoja. Jari-Matti Latvala alishuka kitini bila taji la ubingwa hata moja. Kalle Rovanperä aliyaaga mashindano hayo mwishoni mwa 2025 akiwa na mataji mawili na umri wa miaka 25, tena baada ya kushiriki duru zisizofika hata nusu ya zile za mwenzake. Wote wawili waliendeshea Toyota, na mwaka ambao Latvala aliachwa na timu hiyo ndio mwaka ambao Rovanperä aliingizwa.

Hapa Lanet ulinganisho huu ni gumzo la kila mwaka Safari Rally ikikaribia, na si ajabu. Ukishika barabara kuu ya kwenda Nairobi unapita Mbaruk, na punde si punde Ziwa Elmenteita linajitokeza upande wa kulia. Ng'ambo yake ni hifadhi ya Soysambu, na kile kilima kinachoonekana kama shujaa aliyelala chali. Tangu Safari irudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, mikondo ya Soysambu, Elmenteita na Sleeping Warrior imekuwa yetu, ya watu wa Nakuru na Gilgil. Na kwenye mabishano ya mashabiki hukumu ni ile ile: Latvala alikuwa bure, kijana ndiye aliyeonyesha kazi. Siikubali. Inamwonea Latvala, na hata Rovanperä inamsifia jambo lisilo lake hasa. Tuzipitie rekodi zenyewe.

Mshindi mdogo kuliko wote

Februari 2008, kwenye theluji ya Sweden, Latvala alishinda duru yake ya kwanza akiwa na gari la Ford. Alikuwa na miaka 22. Kabla yake rekodi ya mshindi mwenye umri mdogo zaidi ilikuwa ya Mfini mwingine, Henri Toivonen, aliyeshinda Uingereza mwaka 1980 akiwa na miaka 24. Rekodi ya Latvala ilidumu miaka 13, na katika miaka hiyo mashindano yalitawaliwa na Sébastien Loeb na Sébastien Ogier. Wala Ogier hakuwahi kuigusa.

Julai 2021, nchini Estonia, Rovanperä akaifuta akiwa na miaka 20. Kufikia wakati huo Latvala alikuwa ndiye kiongozi wa timu ya Toyota, maana alikabidhiwa wadhifa huo Desemba 2020. Yaani aliyevuliwa rekodi ndiye aliyekuwa akiisimamia timu iliyomvua.

Rekodi nyingine nazo zilikuja mapema. Tayari Rovanperä alikuwa amepanda jukwaa la washindi watatu akiwa na miaka 19, Sweden 2020, katika duru yake ya pili tu na Toyota. Oktoba 2022, huko New Zealand, akawa bingwa wa dunia mdogo kuliko wote: miaka 22 na siku moja. Aliyekuwa akiishikilia rekodi hiyo ni Colin McRae, bingwa wa 1995 akiwa na miaka 27. Pengo la miaka mitano katika mchezo unaohitaji uzoefu kama huu ni kubwa mno, na sioni litakavyozibwa hivi karibuni.

Aliyeanza mashindano mengi, asionje Safari

Rekodi ya Latvala ambayo Rovanperä hakuikaribia ni ya uvumilivu. Sweden 2019 ilikuwa duru yake ya 197, akampita Carlos Sainz aliyekuwa ameshiriki 196. Alimaliza wa pili katika msimamo wa dunia mara tatu, 2010, 2014 na 2015. Mikondo aliyoongoza kwa kasi ni zaidi ya 500. Dereva wa namna hiyo huwezi kumwita mzembe wala mwoga.

Lakini kuna jambo ambalo mashabiki wetu hulisahau. Katika duru zote hizo, Latvala hakuwahi kuendesha Safari ya mashindano ya dunia. Alianza mwishoni mwa 2002, Uingereza. Safari ilikuwa imefanyika Julai mwaka huo huo, McRae akashinda na Ford Focus, kisha ikaondolewa kwenye ratiba. Iliporudi Juni 2021, Latvala alikuja Naivasha akiwa mkubwa wa timu, usukani uko mikononi mwa wengine. Barabara ambayo ingemfaa au ingemuumbua zaidi ya zote hakuikuta.

Na dosari yake ilikuwa nini? Poland 2009 inatosha. Alikuwa wa pili, mwenzake wa Ford, Mikko Hirvonen, yuko mbele, imebaki ngwe fupi ya mwisho ya kuwafurahisha watazamaji uwanjani. Hapo hapo Latvala akagonga kizuizi, gari likaharibika, nafasi ya pili ikayeyuka na alama za timu nazo. Miezi michache kabla, huko Ureno, gari lake lilikuwa limebingirika mteremkoni mara nyingi hadi watu wakashangaa yeye na mwelekezi wake Miikka Anttila walivyotoka wazima. Kasi ilikuwepo. Kilichomponyoka ni ile hesabu ya kujua ni wakati gani sekunde tano hazina maana.

Hata hivyo Toyota ina deni kwake. Iliporudi mashindanoni mwaka 2017, ni Latvala aliyeishindia Sweden katika duru ya pili tu ya msimu, ushindi wa kwanza wa timu hiyo tangu 1999. Mwishoni mwa 2018 alishinda Australia, siku ambayo Toyota ilitwaa taji la watengenezaji. Huo ndio ulikuwa wa 18, na wa mwisho. Msimu wa 2019 ulipita bila ushindi, na Tommi Mäkinen, bosi wa wakati huo aliyewahi kushinda Safari mwenyewe mwaka 1996 na 2001, akabadilisha madereva wote. Ogier, Elfyn Evans na Rovanperä wakaingia.

Vumbi la 2021, matope ya 2022

Udongo wetu wa Bonde la Ufa la kati ni jivu la volkeno. Wakati wa kiangazi magari yakipita mara kadhaa husagika kuwa laini kama unga, na chini ya unga huo mnajificha mawe na mashimo. Tairi zikizama hazina cha kushika. Mvua ikinyesha, jivu lile lile linakuwa utelezi ambao hata trekta huusitia. Yote mawili yaweza kutokea katika mkondo mmoja, kwa sababu mvua ya Elmenteita ina tabia ya kuchagua: upande huu wa kilima maji yanatiririka, upande ule vumbi bado linapanda.

Ijumaa ya Safari ya 2021 Rovanperä alikuwa miongoni mwa waliokuwa mbele. Kwenye vumbi la Naivasha gari likazama likakwama, siku yake ikaishia hapo. Alirudi Jumamosi chini ya kanuni inayoruhusu gari kuendelea kwa kutozwa muda, akamaliza wa sita. Wanaotaka kumfanya malaika hawaikumbuki siku hiyo. Ogier ndiye aliyeshinda, baada ya Thierry Neuville kuvunjikiwa na gari asubuhi ya Jumapili huku akiongoza.

Tazama sasa alivyorudi mwaka uliofuata. Jumamosi alasiri mvua iliangukia Sleeping Warrior, mkondo wa kilomita 31. Mwaka mmoja kabla, mkondo huo huo ulikuwa umemlazimu Ott Tänak, bingwa wa dunia wa 2019, kusimamisha gari na kufuta kioo kilichojaa ukungu, akapoteza zaidi ya dakika nzima. Rovanperä alipita kwenye matope bila kulipigania gari. Usukani ulikwenda kidogo kidogo. Gari lilipotaka kuteleza aliliachia liteleze kiasi, kisha akalirudisha. Mwelekezi wake Jonne Halttunen aliendelea kusoma maelezo kwa sauti ile ile. Pengo lilizidi kukua, na Jumapili alishinda kwa sekunde 52.8 mbele ya Evans. Takamoto Katsuta akawa wa tatu, Ogier wa nne. Toyota ilikuwa haijashika nafasi nne za kwanza tangu Safari ya 1993, na 2023 ikarudia tena.

Hapo ndipo tofauti ya 18 na 18 ilipo kwa maoni yangu. Sidhani Rovanperä alikuwa na kasi kumzidi Latvala wa 2014. Alichokuwa nacho ni kukubali kupoteza kidogo mapema ili asipoteze chote, na alijifunza hivyo baada ya kuzama kwenye udongo wetu mara moja tu. Machi 2024, akiwa hashiriki msimu mzima, alikuja akashinda tena Safari kwa dakika 1 na sekunde 37.8. Miezi mitatu baadaye aliitwa ghafla kumshikia Ogier, aliyeumia katika ajali ya maandalizi huko Poland, akafika na kushinda bila kujiandaa kama wenzake. Nchi ile ile iliyomwangusha Latvala dakika ya mwisho.

Baba wa pili, mwana wa kwanza

Kuna rekodi ya ukoo ambayo Wakenya wenye umri wangu wanaipenda kuliko zote. Harri Rovanperä, babake Kalle, alikuja Safari na Peugeot 206 akamaliza wa pili mwaka 2001. Mwaka 2002 akamaliza wa pili tena. Nafasi ya kwanza iliyomkataa mara mbili, mwanawe aliichukua mara mbili.

Si kwamba mgeni hajawahi kushinda huku upesi zaidi. Juha Kankkunen alishinda Safari mwaka 1985 alipoijaribu kwa mara ya kwanza, na huo ulikuwa ushindi wake wa kwanza wa dunia, na Toyota vilevile. Na rekodi kuu ya Safari ingali ya Mkenya: Shekhar Mehta, mara tano, 1973 kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Ule wa 1973 alilingana alama na Harry Källström, ikabidi kanuni ya kutenganisha waliolingana itumike. Rovanperä na mataji yake ya dunia hakufika hata nusu ya Mehta. Mkenya wa mwisho kuishinda Safari ya dunia ni Ian Duncan, 1994, na hilo linaniuma zaidi ya swali lolote kuhusu Wafini. Faraja tuliyoipata ni ya Maxine Wahome, ambaye mwaka 2022, katika duru yake ya kwanza ya dunia, alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda kitengo cha WRC3.

Kiti kimepata mwenyewe mwingine

Oktoba 2025 Rovanperä alitangaza kwamba anahamia mbio za viwanjani nchini Japani. Baada ya tangazo hilo alishinda duru ya Ulaya ya Kati, ushindi uliomfikisha kwenye zile 18 za Latvala. Nafasi yake ya 2026 ikapewa Oliver Solberg, aliyewahi kuachwa na Hyundai mwishoni mwa 2022 na watu wengi wakamwandika kuwa ameisha. Toyota ilimpa gari kwa duru moja tu, Estonia 2025, akaishinda.

Mashabiki wameshaanza kumpima Solberg kwa kipimo cha Rovanperä, kama walivyompima Rovanperä kwa kipimo cha Latvala. Wangetazama pia upande wa ukoo. Mwaka 1999 dereva wa timu ya Ford, Thomas Rådström, aliumia kabla ya Safari, timu ikamweka kitini kijana wa Norway ambaye wachache walimjua. Alimaliza wa tano, na miaka minne baadaye akawa bingwa wa dunia. Aliitwa Petter Solberg, babake Oliver.