Kifuniko cha Dashibodi Kinachostahimili Jua

(Muziki unapanda, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Hiki ni kipindi chenu cha kazi za mikono. Wewe uliyepata karatasi hii, ishike vizuri, maana leo kuna vipimo, na vipimo vikipita hewani mara moja hupotea.

Swali la leo limetoka kwa kijana anayesomea ufundi wa magari. Ameona kwenye simu kwamba huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaotengeneza vifuniko vya ndani vya magari ya zamani ya spoti, kimoja kimoja, katika karakana ndogo, na wanalipwa vizuri. Anauliza: kwa nini mtu alipe pesa nyingi kwa kipande cha plastiki? Na kinatengenezwaje hata kidumu? Anataka pia kujua kama ufundi huo una faida kwake yeye aliye kambini. Tuchukue gari moja tulifuate, tusije tukapotea.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z. Lilitengenezwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mengi yalipelekwa Marekani. Lina milango miwili na injini ya silinda sita ya lita 2.4. Huku kwetu pia linajulikana, kwa sababu lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, likashinda tena 1973. Dereva wa ule ushindi wa 1973 alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye familia yake ilikimbilia Kenya wakati wa Idi Amin. Baadaye alishinda tena kila mwaka kuanzia 1979 hadi 1982, jumla mara tano. Hilo halihusu dashibodi, lakini nisingeweza kutaja gari hili nikaliruka.

Sasa dashibodi. Injini ya gari la zamani, fundi mzuri anaiamsha. Bati lililoliwa na kutu linakatwa, linachomelewa jingine. Lakini dashibodi ya 240Z ina fremu ya chuma ndani, juu yake sponji, na juu ya sponji ngozi ya vinaili. Jua linapopita kwenye kioo miaka na miaka, yale mafuta yaliyokuwa yanailainisha vinaili hukauka. Ngozi inakuwa ngumu na inasinyaa. Chuma chini yake hakisinyai. Basi ngozi ikivutwa huku na huku, inapasuka, na ufa mmoja ukianza, mwingine unafuata. Ni vigumu sana kuona 240Z yenye dashibodi yake ya kwanza bila ufa. Ukienda kuitafuta nyingine kwenye magari mabovu, utapata yenye umri uleule na ugonjwa uleule. Hapo ndipo mwenye gari anapomtafuta mtu wa kumtengenezea.

Fundi anayejua kazi haanzi na vifaa. Anaanza kwa kuuliza: kile cha zamani kiliharibiwa na nini? Kama hajui, atatengeneza kingine kitakachokufa kifo kilekile, tena haraka zaidi. Katika gari lililofungwa vioo juani, sehemu ya juu ya dashibodi inaweza kupita nyuzi joto 70. Wapo wanaochapa vifuniko kwa printa za 3D, ambazo huyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka kwa tabaka. Plastiki inayopendwa zaidi na wanaoanza inaitwa PLA, kwa kuwa ni rahisi kuchapa. Lakini PLA hulainika kwenye nyuzi 60 hivi. Kifuniko kinatoka kizuri, kinapigwa picha, kinafungwa garini, na baada ya siku chache za jua kimepinda kama ndala iliyoachwa karibu na jiko. Plastiki ya ABS huvumilia hadi karibu nyuzi 100, ila jua huichosha, inafifia na kuwa kavu. Ipo nyingine, ASA, inayofanana na ABS kwa joto lakini inastahimili jua zaidi. Kwa vitu vidogo, kama klipu na vifuniko vya skrubu, hiyo ndiyo ya kuchagua.

Kwa kipande kirefu kama dashibodi kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Kila kitu hurefuka kikipata joto, lakini si sawasawa. Chukua kipande cha ABS cha mita 1, ukiongezee joto la nyuzi 50: kitarefuka karibu milimita 4. Chuma cha urefu huohuo kitarefuka zaidi kidogo tu ya nusu milimita. Ukikikaza kile cha plastiki kwa skrubu pande zote mbili, kitakwenda wapi? Kitabinuka katikati au kitapasuka kwenye tundu la skrubu. Ndiyo sababu fundi mwenye uzoefu hutoboa tundu moja la mviringo, na mengine huyafanya marefu kidogo, ili kipande kiweze kusogea. Tundu refu linagharimu dakika mbili za tupa, na linaokoa kazi ya wiki nzima.

Ndiyo sababu pia watu wengi hutumia faiba kwa vipande vikubwa. Faiba ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na resini, na kwenye joto hairefuki kama plastiki tupu.

Kazi yake ni hivi. Unachukua kifuniko cha zamani, unajaza nyufa kwa puti, unapiga msasa hadi mkono usihisi kitu. Usiharakishe hapa: kosa lolote lililobaki litatokea kwenye kila kipande utakachotoa baadaye. Kisha unakipaka nta mara kadhaa na kukisugua kila mara, ili resini isigande nacho. Juu ya hiki kilichotengenezwa vizuri ndipo unapojenga kalibu. Unapaka gelikoti kwanza, ile resini nzito inayofanya uso laini, halafu mikeka ya faiba inayoloweshwa resini kwa brashi, huku ukiukandamiza mkeka ili hewa itoke. Mkeka wa gramu 450 kwa mita moja ya mraba hunywa zaidi ya kilo 1 ya resini. Kalibu iwe nene kuliko kipande utakachotoa ndani yake, la sivyo itapinda. Ikikauka, unaitoa, unaing'arisha, unaipaka nta, na sasa unaweza kutoa ndani yake kifuniko kipya. Hicho kinatosha kuwa na tabaka mbili au tatu za mkeka, kisha kinapakwa rangi inayozuia jua au kuvikwa vinaili mpya.

Nipunguze mwendo hapa, na wenye watoto nyumbani sikilizeni. Resini hii haikauki yenyewe. Inawekewa kigumishi, kama gramu 10 hadi 20 kwa kilo 1 ya resini. Siku ya joto kali unakaa upande wa 10. Ukizidisha, au ukiacha nyingi iliyochanganywa ndani ya kopo, inachemka yenyewe, inatoa moshi, na inaweza kuwaka moto. Kigumishi kikiingia jichoni kinaweza kukupofusha: vaa miwani ya kazi, na maji safi yawe karibu kabla hujafungua chupa. Kigumishi kisichanganywe kamwe moja kwa moja na ile dawa ya kuharakisha, kwa sababu vinaweza kulipuka. Mvuke wa resini unalevya na kuumiza kifua, na vumbi la faiba linawasha ngozi na kuingia mapafuni. Kwa hiyo si kazi ya kufanyia ndani ya nyumba ya turubai, pembeni ya jiko, na mtoto amelala. Ifanyike karakanani, mahali penye hewa, chini ya fundi anayeijua. Na chupa ya kigumishi isihamishiwe kwenye chupa ya soda hata kwa siku moja.

Sasa faida kwa kijana wetu. Hakuna 240Z kambini, sote tunajua. Lakini pikipiki zipo, na madigadi yake yanavunjika, vifuniko vya taa vinapasuka, vile vya pembeni vinadondoka barabarani. Jua la huku halina huruma kuliko la kule. Hesabu ya kazi ni ileile: muda mwingi unakwisha kwenye kutengeneza kalibu, na kipande cha kwanza karibu kila mara ni hasara. Cha pili ni chepesi, cha kumi ni chepesi zaidi. Yule wa Marekani anaweza kumtoza mwenye 240Z mmoja bei kubwa kwa kipande kimoja. Wewe huwezi. Kwa hiyo kabla hujanunua hata brashi, zunguka kwenye kituo cha pikipiki, uhesabu ni kipande gani kinachovunjika kwa wengi, na kwenye pikipiki za aina moja. Kalibu utengeneze ya hicho. Ukiambiwa utengeneze kofia ya kujikinga, au kitu chochote kinachoshika breki au usukani, kataa. Faiba ya mkono si ya kazi hiyo.

Na kabla hujapokea pesa ya mtu, jaribu kipande chako hivi: kifunge mahali pake kwa skrubu zake zote, pikipiki iachwe juani kutwa nzima, siku saba. Kila jioni pitisha ukucha kuzunguka matundu. Ufa mwembamba sana utausikia kwa ukucha kabla jicho halijauona.

Maswali yenu kuhusu kazi hii yaleteni kwenye sanduku letu kama kawaida. Wiki ijayo tutakuwa na fundi cherehani, tutazungumza kuhusu zipu.

(Muziki unapanda.)