KUTU HAIFICHWI KWA RANGI



Siku hizi pikipiki imeingia karibu kila kijiji. Inapeleka mahindi mashineni. Inapeleka mgonjwa zahanati. Inaleta mbolea shambani. Wako wenzetu waliouza ng'ombe ili wainunue, na wengine bado wanalipa deni lake. Pikipiki ni mali, na mali hutunzwa.

Lakini mali hii ina adui anayeila kimya kimya usiku na mchana. Adui huyo ni kutu.

Tulipata kumwona kijana mmoja aliyekuwa na pikipiki ya kubebea mizigo. Keria yake ilishika kutu. Akanunua kopo la rangi nyeusi, akapaka juu ya kutu ile ile. Kwa macho ilikuwa mpya kabisa! Mvua zilipokuja, rangi ikafanya malengelenge na kubanduka. Siku moja, akiwa na gunia la mahindi, keria ikakatika pale ilipochomelewa. Gunia likavuta upande mmoja, pikipiki ikaanguka. Bahati nzuri aliumia goti tu, na nyuma hakukuwa na abiria.

Fundi alipokitazama chuma kile alisema, "Kijana, hiki hakikukatika leo. Kilianza kukatika zamani, wewe ukakifunika."

Basi leo tutaeleza namna ya kuondoa kutu na kupaka rangi nyumbani, kwa vifaa vya kawaida.

KUTU NI NINI?

Chuma kikikutana na maji na hewa kwa pamoja, hugeuka kidogo kidogo kuwa unga mwekundu. Unga huo ndio kutu. Ni chuma chenyewe kilichokwisha kuliwa.

Chumvi huongeza mwendo wa kutu. Ndiyo maana pikipiki za pwani, na zile zinazobeba samaki wa chumvi au mbolea ya chumvichumvi, huharibika upesi. Ukishabeba mizigo ya namna hiyo, osha pikipiki kwa maji safi siku hiyo hiyo.

Sasa je, kwa nini rangi haizuii kutu ikipakwa juu yake? Kutu ina vitundu vidogo kama sifongo. Vitundu hivyo hushika maji na chumvi. Ukipaka rangi juu, umefungia maji ndani. Kutu huendelea kula chuma chini ya rangi. Tena kutu huvimba kuliko chuma kilichokuwepo mwanzo, kwa hiyo huisukuma rangi mpaka inabanduka.

SEHEMU ZA KUTENGENEZA WENYEWE

Tunaweza kutengeneza keria, stendi, madigadi ya bati na vyuma vya kukanyagia miguu.

Tenki la mafuta tumwachie fundi. Hata likiwa tupu, mvuke wa petroli unaweza kulipuka. Ndani ya breki tusiguse kwa rangi wala mafuta. Cheni haipakwi rangi. Springi tusiziloweke katika siki, kwa maana chuma kigumu cha namna hiyo kinaweza kuwa chepesi kuvunjika.

VIFAA

Tafuta spana, brashi ya waya, msasa mkavu na msasa laini, sabuni ya unga, siki ya dukani, magadi soda, matambara safi, rangi ya kuzuia kutu na rangi ya juu. Rangi ya kuzuia kutu ni ile nyekundu ambayo wauza vifaa vya ujenzi wengi huiita redoksaidi.

Funika pua na mdomo kwa kitambaa au barakoa. Linda macho kwa miwani. Vumbi la rangi ya zamani ni baya, kwani rangi nyingine zina madini ya risasi ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Fanya kazi nje, mbali na kisima, chakula na watoto wanaocheza.

HATUA YA KWANZA: FUNGUA NA OSHA

Fungua kipande unachotaka kutengeneza. Weka nati na bolti katika kopo moja zisipotee. Osha kipande kwa sabuni na maji ya moto mpaka grisi yote itoke. Mimina maji juu yake. Yakijikusanya kuwa matone matone, bado kuna mafuta, rudia kuosha.

Wengi huosha kwa petroli. Tuache tabia hiyo! Mvuke wa petroli husafiri chini chini mpaka kwenye jiko au sigara iliyo mbali, ukawaka.

HATUA YA PILI: ONDOA KUTU

Anza na brashi ya waya. Sugua mpaka magamba yote yatoke. Fuata kwa msasa mkavu, namba 80 au 120.

Penye pembe na vitundu msasa haufiki. Hapo tumia siki. Kipande kidogo kiloweke katika ndoo ya plastiki yenye siki. Keria ni kubwa, kwa hiyo lowesha matambara kwa siki, yazungushie penye kutu, kisha funika kwa mfuko wa plastiki yasikauke. Acha usiku kucha. Asubuhi sugua tena, na kutu itatoka kama tope. Kama haijaisha, rudia, lakini usiiache siku nyingi. Siki ikimaliza kutu itaanza kula chuma kizima.

Siki isitumike kwenye aluminiamu, wala kwenye vyuma vinavyong'aa vilivyopakwa kromu. Vyuma vya kromu visugue polepole kwa karatasi ya fedha ya sigara iliyoloweshwa maji.

Baada ya siki, suuza kwa maji yenye magadi soda, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja. Magadi huua ukali wa siki. Kisha suuza kwa maji safi, pangusa, anika juani.

HATUA YA TATU: TAZAMA KABLA YA KUPAKA

Hatua hii wengi huiruka, kumbe ndiyo kubwa kuliko zote.

Chuma kikiwa kitupu ndipo kinaposema ukweli. Kipeleke penye mwanga. Tazama kila mahali palipochomelewa na kila tundu la bolti. Je, kuna mstari mwembamba kama unywele? Huo ni ufa. Bonyeza kwa bisibisi penye mashimo ya kutu. Je, panabonyea au kutoboka? Chuma kimekwisha.

Ukiona ufa au tundu, acha kupaka. Peleka kwa fundi wa kuchomelea, au nunua kipande kingine. Kama ufa uko kwenye fremu yenyewe, usipande tena pikipiki hiyo mpaka fundi anayejua kazi aitazame. Rangi haiungi chuma.

HATUA YA NNE: PAKA RANGI

Chuma kikishasafishwa, usikiache mpaka kesho. Hewa ya usiku inatosha kukirudishia kutu. Paka redoksaidi siku hiyo hiyo. Kabla ya kupaka, pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya kahawia, bado kuna kutu.

Funga kwa karatasi na selotepu nyuzi za bolti, na pale waya wa umeme unaposhikana na chuma. Rangi ikiingia hapo, umeme hautapita vizuri.

Paka mikono miwili myembamba, usipake mmoja mzito. Mkono mzito hutiririka, na ndani haukauki. Fanya kazi hiyo kivulini, mahali pasipo vumbi, siku isiyo na mvua wala umande. Redoksaidi ikikauka, pitisha msasa laini, pangusa vumbi, halafu paka rangi ya juu mikono miwili. Kati ya mkono na mkono subiri muda ulioandikwa kwenye kopo. Sasa tunajua kusoma, basi tusome kopo!

Jambo moja zaidi. Rangi ya mafuta huchanganywa na tapentaini, nyingine huchanganywa na thina. Ukipaka rangi ya thina juu ya redoksaidi ya mafuta, ya chini inaweza kukunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Mwulize muuza duka akupe rangi zinazopatana.

Bomba la moshi halipakwi rangi ya kawaida, maana itaungua. Linataka rangi maalumu ya kuvumilia moto.

Ukimaliza, mpe chuma siku kadhaa kabla ya kubeba mizigo. Rangi inaweza kuonekana kavu kwa juu, kumbe bado ni laini.

NAMBA NA KADI

Usisugue wala kufunika namba iliyogongwa kwenye fremu. Ndiyo inayothibitisha kwamba pikipiki ni yako. Kadi nayo huandikwa rangi ya pikipiki. Ukitaka kubadili rangi ya pikipiki nzima, uliza kwanza ofisi ya mapato.

NENO LA MWISHO

Kazi hii huchukua siku mbili au tatu, na sehemu kubwa ni kusugua na kungoja. Kupaka ni dakika chache tu. Mtu akikwambia ataimaliza kwa saa moja, ujue anaficha kutu.

Kijana wetu yule alinunua keria nyingine. Leo kila baada ya kuvuna hufungua keria yake, huiosha na kuitazama kila kiungo. Anasema goti linamkumbusha.

TUJADILIANE

1. Kwa nini rangi hubanduka ikipakwa juu ya kutu?
2. Kwa nini tusioshe vyuma kwa petroli?
3. Tutazame keria za pikipiki za hapa kijijini kwetu. Je, ni ngapi zimepakwa rangi juu ya kutu?