Supu ya jogoo wa bibi ilivyonitoa jasho!

Kuna supu moja niliyokunywa mwaka 2018, mpaka leo haijanishuka vizuri. Ilikuwa tamu, sikatai. Ndimu, pilipili mbuzi, chapati mbili pembeni, washikaji watatu tumezunguka sufuria tunapuliza. Aliyekuwa ndani ya sufuria ni jogoo wa bibi yangu.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 2017 nilikwenda Manyoni, mkoani Singida, kumsalimia bibi mzaa mama. Bibi kwa utani hajambo, mimi ananiita mume wangu. Siku ya kuondoka akanifungia tenga, ndani mitetea watatu na jogoo mmoja. "Mume wangu," akasema, "hawa si wa kula. Hawa ni mbegu. Mimi mwenyewe nimewakuta kwa bibi yangu." Tenga likapanda juu ya basi, mimi nikapanda ndani, hao Dar, uani kwetu Tabata.

Kwa macho ya mjini hawakuwa kitu. Wafupi, rangi ya vumbi na madoadoa, jogoo mwenyewe labda kilo 2 ukimpima ameshiba. Lakini bwana wee, wale mitetea walikuwa wanajua kazi! Mmoja anataga mayai 12 au 13, anaacha kutaga, anayakalia siku 21, anaangua kumi, kisha anawachukua wanawe kwenda kuchakura. Kunguru akipita juu mama anatoa sauti moja tu, wote wako chini ya mbawa. Mimi sikuwasha taa ya joto hata siku moja. Pumba kidogo, makombo ya ubwabwa, maji safi, basi.

Tatizo ni kwamba nilikuwa na macho ya kuangalia ya wenzangu. Mtaa wa pili alikuwepo jamaa anayefuga kuchi. Kama humjui kuchi, huyo ni kuku anayesimama wima kama askari wa gwaride, shingo ndefu, miguu minene, uso wa kikatili. Lamu, Mombasa na Zanzibar wanamjua, Mwanza pia wanaye, na wataalamu waliochunguza vinasaba vyake wamekuta ana undugu na kuku wa mapigano wa Asia. Kuchi akipita uani watu wanaacha mazungumzo. Nikatoa shilingi 90,000, nikarudi nyumbani na dume langu kwapani, najidai kama nimenunua gari.

Uani majogoo wawili hawakai. Nikamchagua mrefu, mfupi akaingia chunguni. Pora wake mmoja, kijana tu wa miezi minne, nikamuuzia mama muuza vitumbua wa mtaa wa nyuma. Sikufikiri hata dakika tano.

Uzao wa kwanza ulikuwa bomba. Vifaranga wa kuchi na mitetea wa Manyoni walikua haraka, vifua vipana, na magonjwa ya hapa na pale hayakuwatikisa. Nikaanza kutoa ushauri mtaani bila kuombwa. Kumbe ndivyo ilivyo, ukichanganya damu mbili zilizo mbali, watoto wa kwanza mara nyingi hutoka wazuri na wanaofanana. Kasheshe iko mbele, unapowaacha hao ndugu wazaane wenyewe kwa wenyewe. Uzao wangu wa pili kila mmoja alikuja na sura yake. Huyu miguu mirefu, mwili wa njiwa. Yule mnene lakini anataga mayai saba tu. Na mapora yalipofika miezi mitano yakaanza kutwangana kila asubuhi, damu ukutani, majirani wanagonga mlango.

(Hapa nikuibie siri nyingine. Yule kuku wa kidimu, mwenye manyoya yaliyogeuka juu kama aliyepigwa na upepo, usimpandishe kwa kidimu mwenzake. Kwa wastani robo ya vifaranga watatoka na manyoya dhaifu mno, wengine karibu uchi. Mpe mwenzi wa manyoya ya kawaida.)

Badala ya kutulia nikaongeza kosa. Nilitaka na mayai, nikanunua jogoo wa kuroiler, chotara aliyetokea India ambaye siku hizi yuko kila kona ya Afrika Mashariki. Sina ugomvi na kuroiler. Binti zake kwangu walitaga mpaka nikawa nauza trei kwa majirani. Ila hakuna hata mmoja aliyetaka kukalia mayai. Anataga, anapiga kelele, anaondoka zake kama aliyeshuka kwenye daladala.

Ukifikiri vizuri unaelewa. Kuku anayeatamia hatagi, na akishaangua anaendelea kulea kwa wiki kadhaa. Kwa mfanyabiashara wa mayai hiyo ni hasara, kwa hiyo wazalishaji wa mbegu za kisasa kwa miaka mingi wamekuwa wakibakiza wale wasioatamia. Mimi nilinunua mayai mengi nikalipa kwa umama, na risiti sikuisoma.

Nikapeleka mayai 60 kwa rafiki yangu mwenye mashine ya kutotolea. Siku ya 14 umeme ukakatika usiku, ukarudi mchana. Wote viza. Kama hujawahi kupasua yai viza chumbani, Mungu anakupenda.

Basi, Oktoba 2022 simu ikaita. Bibi. Siku hiyo hakuniita mume wangu, nikajua kuna jambo. "Mjukuu wangu, mdondo umepita. Kuku wameanza kuzubaa Jumatatu, kinyesi cha kijani, shingo zimepinda. Jumapili banda limebaki na manyoya." Akanyamaza kidogo. "Lakini wale wako si wapo? Niletee wawili nianze tena."

Nilishindwa kumjibu. Nikaenda uani na simu bado mkononi. Kuku 40 na kitu, wote wazuri, wote warefu, na hakuna wa bibi. Mtetea wa kwanza tulimchinjia wageni, wa pili alichukuliwa na kicheche. Nikamkuta wa tatu nyuma ya pipa la maji, mzee, anachechemea mguu wa kushoto, amekalia mayai mawili ambayo hata si yake.

Jogoo je? Nikamkumbuka yule pora. Nikakimbia kwa mama muuza vitumbua, nikamkuta anakoroga unga, na pembeni yake jogoo mfupi wa madoadoa amefungwa kamba mguuni.

"Shikamoo mama. Huyo unamuuza?"

"Marahaba baba. Huyu hauzwi. Kanizalishia vya kutosha, amezeeka, Krismasi hii anakwenda na pilau."

Nikampa hela, akakataa. Nikaongeza, akacheka. Mwishowe nikamletea jogoo wangu chotara wa kilo 3 na nusu tubadilishane. Mama yule alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona kijana wa watu ameanza kuchanganyikiwa. Akafungua kamba.

Mtetea na jogoo wakakutana, mimi nikakusanya mayai kuanzia siku ya tatu. Ujinga mwingine huo! Vifaranga walipofika wiki sita miguu ikasema yenyewe, kati ya sita wanne ni watoto wa kuroiler. Daktari wa mifugo alicheka sana. Akanieleza kuwa kuku hutunza mbegu ya jogoo mwilini, na anaweza kuendelea kutaga mayai yenye mbegu ya jogoo aliyekwishaondoka kwa wiki mbili hata tatu. Ukibadilisha jogoo, mayai ya wiki tatu za mwanzo kaanga.

Safari ya pili niliwafungia wawili wale peke yao, banda lao, kufuli lao. Mei 2023 bibi kizee yule akataga mayai 10, akayakalia. Siku 21 nilikuwa naamka usiku kumulika na tochi. Wakatoka wanane, mmoja akafa, wakabaki saba, wafupi, rangi ya vumbi. Sijawahi kuona kuku wazuri vile.

Safari hii sikufanya mchezo na mdondo. Ugonjwa huo hauna dawa, una chanjo tu. Iko ya I-2, inatengenezwa hapa hapa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA. Tone moja kwenye jicho, unarudia kila baada ya miezi mitatu, na inavumilia joto kuliko chanjo nyingine za mdondo. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko wangu, kwa hiyo tunachangishana majirani. Kuku akishaugua tone halimsaidii tena.

Novemba 2023 nikarudi Manyoni na tenga, ndani mitetea wawili wamechanjwa, na kichupa nimekifunga na barafu kwa ajili ya banda la jirani zake. Jogoo sikupeleka, kwa sababu angekuwa ndugu yao wa tumbo moja. Nilipomweleza bibi habari za damu kukaribiana, akanitazama tu. Kumbe mwenyewe miaka yote alikuwa akibadilishana majogoo na shemeji yake wa Itigi, na huko Itigi mdondo haukufika.

Mwezi wa pili uliofuata akapiga.

"Mume wangu, mmoja ameshakalia. Mayai 11."

"Hongera bibi."

"Jogoo wa Itigi ni mzuri, mfupi mfupi. Ukija kumwona njoo umeshakula."